Kalamu na Bunduki: Jan Smuts, Mwanasheria na Jenerali, katika Historia ya Afrika Mashariki



Jina la Kariakoo limezoeleka mno midomoni mwetu hata hatuulizi tena lilikotoka. Tunakwenda Kariakoo kununua vitambaa, vyombo na vipuri, tunagombana na wachukuzi wa mikokoteni, tunarudi nyumbani. Ilhali jina lenyewe ni la kijeshi. Ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, ambao kambi yao ilikuwa mahali hapo baada ya Waingereza kuuteka mji wa Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916. Nairobi nako kuna Kariokor, na asili yake ni hiyo hiyo. Wapagazi waliolipa eneo hilo jina hawakuandikiwa vitabu. Mkuu wa jeshi lililowachukua ameandikiwa vingi, kwa Kiingereza na kwa Kiafrikana. Kwa Kiswahili ameandikiwa kidogo sana, na hilo ndilo lililonifanya nimchague kuwa mada ya mhadhara huu.

Mtu huyo ni Jan Christiaan Smuts. Alikuwa mwanasheria kabla hajawa jenerali, na alipokuwa jenerali hakuacha kuwa mwanasheria. Hoja yangu ni kwamba sehemu hizi mbili za maisha yake hazitengani, na kwamba sisi wa Afrika Mashariki tumeguswa na zote mbili. Bunduki yake ilitupitia kwa mwaka mmoja hivi. Kalamu yake ilikaa nasi kwa zaidi ya miaka 40.

Mtoto wa shamba na vitabu vya sheria

Smuts alizaliwa tarehe 24 Mei 1870 katika shamba la Bovenplaats, karibu na Riebeek West, katika Koloni la Rasi. Wazazi wake walikuwa Makaburu wakulima, na kwa desturi ya watu wale ni mtoto wa kiume wa kwanza aliyepelekwa shule. Jan alikuwa wa pili. Alichunga mifugo mpaka umri wa miaka 12, kaka yake alipofariki, ndipo nafasi ya kusoma ikamwangukia. Akaenda Stellenbosch, kisha Chuo cha Christ's, Cambridge, alikosoma sheria na mwaka 1894 kufaulu sehemu zote mbili za mtihani kwa daraja la juu kabisa. Angeweza kubaki Uingereza, lakini mwaka 1895 alirudi Rasi kufanya kazi ya uwakili. Wateja walikuwa wachache, na pengine tabia yake ilichangia: alikuwa mtu mkavu, asiyependa maongezi ya barazani.

Siku zile alimwamini Cecil Rhodes. Uvamizi wa Jameson dhidi ya Jamhuri ya Transvaal, mwishoni mwa mwaka 1895, ulimvunja moyo, kwani ilidhihirika kwamba Rhodes alikuwamo katika njama hiyo. Smuts akahamia Johannesburg, na mwezi Juni 1898, akiwa na miaka 28 tu, Rais Paul Kruger akamteua kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali ya Transvaal. Vita kati ya Makaburu na Waingereza vilipoanza tarehe 11 Oktoba 1899, alikuwa bado ofisini na mafaili yake. Pretoria ilipoanguka mwezi Juni 1900, ofisi haikuwapo tena. Mwanasheria akapanda farasi.

Mwezi Septemba 1901 aliongoza kikosi kidogo cha wapanda farasi kuvuka mto Orange na kuingia ndani ya Koloni la Rasi, akakaa humo akiwindwa na majeshi makubwa mpaka mwisho wa vita. Inasimuliwa kwamba katika mfuko wa tandiko alibeba kitabu cha falsafa cha Kant na Agano Jipya la Kigiriki. Sina sababu ya kulikataa simulizi hilo, ila nashuku kwamba limependwa mno na waandishi wa maisha yake kwa sababu linampamba. Lililo muhimu kwetu ni kwamba huko ndiko alikojifunza vita vya kuzunguka na kukwepa, vya adui asiyekamatika. Miaka 15 baadaye, katika nchi yetu, yeye ndiye aliyekuwa mwenye jeshi kubwa, na asiyekamatika alikuwa mwingine.

Ibara ya nane

Mkataba wa amani ulitiwa saini usiku wa tarehe 31 Mei 1902. Smuts aliitwa kutoka vitani ili awe mshauri wa sheria wa upande wa Makaburu. Hapa naomba tusimame kidogo, kwa maana katika chumba kile cha majadiliano alishinda vita ambavyo Makaburu walikuwa wameshindwa uwanjani.

Waingereza walikuwa wamesema, kabla na wakati wa vita, kwamba Waafrika wangepata haki zaidi chini ya Bendera ya Uingereza. Rasimu ya ibara ya nane ilieleza kwamba haki ya kura haitatolewa kwa wenyeji mpaka baada ya serikali ya kujitawala kuanzishwa. Maneno hayo yalikuwa mabaya, lakini yalikuwa na mlango: ukisema jambo halitatolewa mpaka baada ya wakati fulani, umekiri kwamba wakati huo ukifika litatolewa. Maneno yaliyoingia katika mkataba ni mengine. Yalisema kwamba suala la kuwapa wenyeji haki ya kura halitaamuliwa mpaka baada ya serikali ya kujitawala kuanzishwa. Kilichoahirishwa sasa si utoaji, ni uamuzi wenyewe. Na wa kuamua, wakati ukifika, ni wazungu wenye serikali hiyo. Wanahistoria wanamtaja Smuts kuwa ndiye aliyeibadili sentensi hiyo. Waingereza wakaikubali bila ubishi mwingi.

Vita hivyo vilikuwa vimeua wake na watoto wa Kikaburu wapatao 26,000 katika kambi za Waingereza, pamoja na Waafrika wasiopungua 14,000 katika kambi zao za pembeni. Waafrika hao hawakuwa na mtu mezani. Transvaal ikapata kujitawala, Muungano wa Afrika Kusini ukaundwa tarehe 31 Mei 1910, na Smuts akiwa mmoja wa waandishi wakuu wa katiba yake. Suala lililoahirishwa mwaka 1902 lilipata jibu kwa sanduku la kura tarehe 27 Aprili 1994.

Katika miaka hiyo hiyo alikutana na mwanasheria mwenziwe, Mohandas Gandhi, aliyehitimu London mwaka 1891 na kuwasili Afrika Kusini mwaka 1893. Walipambana juu ya sheria ya kuwaandikisha Wahindi wa Transvaal. Mwezi Januari 1908 walikutana, Gandhi akatoka akiamini ameahidiwa kwamba sheria itafutwa kama Wahindi watajiandikisha kwa hiari. Smuts akasema hakuahidi. Mwezi Agosti vyeti vikachomwa moto nje ya msikiti mjini Johannesburg. Nani alikuwa mkweli? Nadhani kila mmoja alikuwa mkweli kwa kadiri ya maneno aliyoyasikia, na Smuts alikuwa hodari wa maneno yanayosikika kwa namna mbili. Gandhi alipoondoka mwaka 1914 alimwachia jozi ya makubazi aliyoyashona kifungoni. Smuts aliyavaa shambani kwake miaka mingi.

Mombasa hadi Rufiji

Tarehe 19 Februari 1916 Smuts alishuka Mombasa kushika uongozi wa majeshi ya Uingereza dhidi ya Wajerumani wa Afrika Mashariki. Wiki moja kabla yake, askari wazungu kutoka Afrika Kusini walikuwa wameshambulia kilima cha Salaita, karibu na Taveta, wakarudishwa nyuma kwa aibu na askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani. Waliowakinga wasiangamizwe ni askari wa Kihindi, ambao makaburu hao walikuwa wakiwadharau kambini. Lilikuwa funzo la mapema. Sioni dalili kwamba jenerali alilizingatia.

Upande wa pili alikuwapo Paul von Lettow-Vorbeck, mwenye Wajerumani wapatao 3,000 na askari Waafrika zaidi ya 11,000 nguvu zake zilipofikia kilele. Smuts aliwazidi kwa watu, mizinga na magari. Mbinu yake ilikuwa kumzunguka adui ubavuni ili arudi nyuma, bila kupigana naye ana kwa ana. Moshi ilitwaliwa mwezi Machi, baada ya mapigano makali katika vilima vya Latema na Reata. Safu nyingine, chini ya Jenerali Stewart, ilitoka Longido na kupita Ngare Nanyuki, kati ya Meru na Kilimanjaro. (Mahali hapo tutarudi tena.) Van Deventer akapelekwa Kondoa Irangi katikati ya masika, farasi wake wakafa njiani kwa wingi. Smuts mwenyewe akashuka bonde la Pangani hadi Handeni, kisha Morogoro, iliyotwaliwa tarehe 26 Agosti. Reli ya kati ikawa mikononi mwake, Tabora ikatwaliwa na Wabelgiji mwezi Septemba. Kwenye ramani ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini jeshi la Lettow lilikuwa zima, limevuka kwenda kusini, na kila hatua ya kulifuata ilizidi kuwa ghali.

Kwa nini hakumbana adui wake akapigana naye vita vya kumaliza? Baadhi ya maofisa wa Kiingereza walimlaumu, akiwamo Richard Meinertzhagen, shahidi ambaye kwa mambo mengine si wa kuaminika sana. Jibu linalosadikika ni la kisiasa. Smuts alikuwa waziri wa ulinzi wa nchi ambayo nusu ya Makaburu wake hawakutaka vita hivyo, na orodha ndefu ya wazungu waliouawa ingempindua. Akachagua mwendo badala ya mapigano. Hesabu hiyo ilikuwa ya wakili anayejua kesi gani hawezi kuibeba mbele ya baraza.

Ila mwendo nao una gharama, na gharama hiyo walilipa wengine. Jeshi lilipokwenda mbio, chakula kilibaki nyuma. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, matope ya masika yalimeza magari, na kilichobaki ni kichwa cha mwanadamu. Mpagazi anayebeba unga hula sehemu ya mzigo wake. Safari ikiwa ndefu, wanahitajika wapagazi wa kuwabebea wapagazi. Kwa hesabu hiyo watu walitafutwa kila kijiji, kutoka Kenya, Uganda, Nyasa, Zanzibar na katika nchi yenyewe iliyotekwa. Walipewa unga usioiva vizuri, blanketi moja, na mara nyingi hawakupewa dawa. Waliwaua kuhara damu, homa ya mapafu na malaria kuliko risasi. Oscar Watkins, aliyesimamia kikosi cha wapagazi, alipigania waongezewe chakula na tiba, na kila mara alijibiwa kwamba vita kwanza. Wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi waliofia upande wa Waingereza, kwa vita vyote vya miaka minne katika eneo hili, walikuwa karibu 100,000. Si wote waliokufa wakati wa Smuts. Wengi sana walikufa mwaka 1917, baada ya uandikishaji wa nguvu. Lakini vita vya namna ile, vya mwendo usiokoma mbali na reli, yeye ndiye aliyevianzisha.

Mwezi Januari 1917 aliondoka kwenda London, na huko akaeleza kwamba kazi ya Afrika Mashariki ilikuwa imekaribia kwisha. Jenerali Hoskins, aliyempokea, alikuta jeshi lenye njaa na maradhi, wazungu wengi wa Afrika Kusini wakiwa wamekwisha kurudishwa kwao wagonjwa. Ilibidi King's African Rifles ipanuliwe, mpaka ikazidi askari 30,000, jambo ambalo Smuts hakulipa uzito. Amri za jeshi hilo zilitolewa kwa Kiswahili cha kambini, na wanaisimu wetu wanajua jinsi kilivyosambaa bara baada ya hapo. Lettow alisalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Vita vilivyokaribia kwisha vilikuwa vimechukua karibu miaka miwili zaidi.

Amana na dhamana

London ilimpokea kama shujaa. Akaingizwa katika baraza la vita, akaandika ripoti iliyozaa Jeshi la Anga la Kifalme tarehe 1 Aprili 1918, na mwezi Desemba mwaka huo akachapisha kijitabu juu ya Shirikisho la Mataifa. Humo alipendekeza kwamba nchi zilizokuwa za dola zilizovunjika zisigawanywe kama nyara, bali ziwekwe chini ya uangalizi wa Shirikisho, na taifa linalozitawala liwajibike kwake. Makoloni ya Wajerumani katika Afrika na Pasifiki aliyatoa katika mpango huo: aliona watu wake wako chini mno kiasi kwamba suala la kujitawala haliwahusu. Hapana shaka pia alikuwa akiitaka Afrika ya Kusini Magharibi iwe mali ya Muungano wake. Rais Wilson wa Marekani aliuchukua mpango ule, akaupanua mpaka ukaingiza makoloni hayo hayo. Smuts akaandika rasimu ya maafikiano yenye madaraja matatu. Tanganyika ikawa daraja la pili. Afrika ya Kusini Magharibi ikawa la tatu, ambalo karibu lingelingana na kumilikiwa.

Hivyo nchi aliyoiteka kwa bunduki ikawekwa chini ya sheria ya kalamu yake, kinyume cha kusudi lake mwenyewe.

Mkataba wa Shirikisho ulisema kwamba ustawi wa watu wa nchi hizo ni amana takatifu ya ustaarabu. Sisi wa Kiswahili tuna maneno mawili hapa, na tofauti yake si ndogo. Amana ni mali ya mtu iliyowekwa kwako uitunze. Mwenyewe akija, unairudisha, na kuila ni hiana. Dhamana ni kumsimamia mwingine, kubeba jukumu lake mbele ya watu. Lugha ya utawala ilishika neno la pili: nchi ya udhamini, Baraza la Udhamini. Mdhamini aweza kukaa miaka mingi akisema mdhaminiwa bado hajawa tayari. Mwenye kuwekewa amana hana kauli hiyo. Hakuulizwa kama mwenye mali yuko tayari. Sidai kwamba wakalimani walikusudia hila. Natazama tu kwamba siasa ya Tanganyika, kwa miaka 40, ilikuwa mabishano juu ya maana ipi kati ya hizi mbili ndiyo ya kweli.

Smuts hakuwa na shaka. Mwaka 1929, katika mihadhara yake Oxford, alihimiza wazungu walowezi waenezwe katika nyanda za juu kutoka kusini hadi Kenya. Wakati huo kulikuwa na mipango ya kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki chini ya nguvu ya walowezi. Mwaka 1931 Waafrika waliitwa London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge, na kutoka Tanganyika alikwenda Martin Kayamba, mwandishi tunayemfahamu kwa kitabu chake cha safari ile. Mpango wa muungano ule uliwekwa kando.

Mwaka 1945 Smuts alikuwa San Francisco akishiriki kuandika utangulizi wa Katiba ya Umoja wa Mataifa, wenye maneno juu ya haki za binadamu, huku kwao Waafrika wakiishi kwa pasi. Mwaka uliofuata India ilimshtaki mbele ya Umoja huo kwa namna Wahindi walivyotendewa Afrika Kusini, na ombi lake la kuimeza Afrika ya Kusini Magharibi likakataliwa. Alishangaa. Nadhani alikuwa mkweli katika kushangaa kwake: hakuwahi kuwafikiria wasomaji hao alipokuwa akiandika.

Nasi tulikuwa miongoni mwa wasomaji hao. Mwezi Novemba 1951 serikali iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Ngare Nanyuki, nyumba zikachomwa, ili eneo hilo wapewe wakulima wazungu. Ni pale pale ilipopita safu ya Stewart mwaka 1916. Kama Tanganyika ingekuwa koloni, habari ingeishia kwa mkuu wa jimbo. Kwa kuwa ilikuwa nchi ya udhamini, watu wake walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko New York. Wameru walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet, akiwa na wakili wao Earle Seaton, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kudai ardhi. Hawakurudishiwa wakati ule. Lakini Kirilo aliporudi alizunguka nchini akieleza aliyoyaona, na watu wakajua kwamba mlango upo. Mwezi Machi 1955 Julius Nyerere alipita mlango huo huo kwa niaba ya TANU, iliyokuwa haijatimiza mwaka.

Smuts hakuyaona hayo. Alishindwa uchaguzi mwezi Mei 1948 na chama kilicholeta ubaguzi wa rangi kuwa sera kamili, chama kilichomlaumu kwa kuwa laini mno kwa Waafrika. Tarehe 11 Julai 1950 Mahakama ya Kimataifa ilitoa maoni kwamba Afrika Kusini bado imefungwa na masharti ya udhamini juu ya Afrika ya Kusini Magharibi, masharti yaliyotokana na rasimu zake. Miezi miwili kamili baadaye, tarehe 11 Septemba 1950, alifariki nyumbani kwake Irene, karibu na Pretoria.

Mwaka 1952 ulifunguliwa uwanja wa ndege karibu na Johannesburg ukapewa jina lake. Mwaka huo huo, katika jiji hilo hilo, mawakili wawili walifungua ofisi ya sheria: Nelson Mandela na Oliver Tambo. Ofisi ilifungwa kwa misukosuko ya serikali. Tambo alivuka mpaka mwaka 1960 akapokewa Dar es Salaam, Mandela akapita huko mwezi Januari 1962 akiwa kamanda wa kwanza wa Umkhonto we Sizwe. Kuanzia mwaka 1964 vijana wa jeshi hilo walipiga kambi Kongwa, jirani na Mpwapwa, nchi waliyoipitia wapanda farasi wa Van Deventer, na katika kambi hiyo hiyo walikuwamo wapiganaji wa SWAPO kutoka Afrika ya Kusini Magharibi. Tambo, wakili, ndiye aliyekuwa amiri jeshi wao kwa miaka mingi ya uhamishoni. Jina la Smuts liliondolewa katika uwanja ule mwaka 1994, na tangu mwaka 2006 msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Johannesburg hushukia uwanja wa O. R. Tambo.